Kichochoro cha Kwenda Baharini

Jumapili moja ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, niliwachukua watoto watatu wa kakangu tukashuka Nyali kwenda kuoga baharini. Tulibeba boya la tairi la lori, chupa mbili za maji na mahamri kwenye kitambaa. Mdogo wao alikuwa na pakiti ya mabuyu, akaanza kuyamumunya tangu ndani ya tuktuk, na tulipofika midomo yake ilikuwa myekundu hadi mashavuni. Niliwapitisha njia ninayoijua tangu nikiwa na umri wao. Unaiacha lami, unaingia baina ya kuta mbili, unakanyaga mchanga uliochanganyika na majani makavu ya mvinje, na baada ya hatua kama mia mbili bahari inakufungukia yote kwa pamoja.

Safari hii mwisho wa kichochoro palikuwa na lango la chuma, jipya, rangi yake ingali ikinuka. Kijana aliyekuwa akililinda alisimama kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Samahani, huku hakupitwi tena."

"Marahaba. Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu ukuta ulipokwisha. Wenyewe wamesema ni ndani ya ploti yao."

Hakuwa na kosa, na sikumlaumu. Lakini tulisimama pale kitambo, kwa sababu mawimbi tulikuwa tunayasikia. Maji yalikuwa yanajaa, na kila wimbi lililopasuka lilikuja na ule mshindo wake wa kusi, karibu kabisa, nyuma ya tofali tu. Watoto walikuwa tayari wamevua viatu. Ikabidi wavivae tena, turudi barabarani, tutafute tuktuk nyingine ya kutupeleka Bamburi kwenye ufuo wa umma. Nauli ile ilikuwa pesa ya madafu.

Nimelifikiria lango lile kwa wiki kadhaa sasa, na naliandika hapa kwa sababu si langu peke yangu. Kutoka Nyali kupita Bamburi na Shanzu hadi Mtwapa, ghorofa zinaota kama uyoga baada ya mvua za masika. Sina chuki na ghorofa. Kakangu, baba yao watoto hao, ni fundi wa umeme, na mijengo hiyo ndiyo inayowalipia karo. Ninachokitetea ni kile kinachozifanya ghorofa hizo ziwe na bei. Dalali anapotangaza fleti ya Nyali, neno lake la kwanza ni bahari, na la pili ni watoto: hatua chache hadi ufukweni, mahali pazuri pa familia. Anauza kitu ambacho si chake wala si cha mwenye jengo. Anauza ufuo wetu sote, na njia ya kuufikia ndiyo inayozibwa.

Wenye kumbukumbu watakubali kwamba si watalii wa Ulaya walioliinua soko hili. Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasije Mombasa, watalii waliokuwa hotelini walirudishwa kwao kwa ndege kabla likizo hazijaisha. Hoteli zikafunga milango, wapishi na wahudumu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Waliotushika mkono katika miaka ile migumu ni Wakenya wenzetu, baba na mama waliokuja Desemba na Aprili na watoto wao. Halafu, tarehe 31 Mei 2017, treni ya Madaraka Express ikazinduliwa, na safari ya kutoka Nairobi iliyokuwa ikimaliza usiku mzima garini ikawa mwendo wa saa tano au sita, mtoto akihesabu ndovu wa Tsavo dirishani. Familia hizo hazitaki chumba kimoja cha hoteli chenye kitanda cha watu wawili. Zinataka jiko, sebule, vyumba vitatu, mahali pa kumlaza nyanya. Ndiyo maana wenye pesa wakaanza kujenga fleti za kukodisha kwa usiku. Sheria ya mwaka wa 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo nayo ikarahisisha mambo, kwa kuwa mwenye fleti ya ghorofa ya saba sasa anaweza kuwa na hatimiliki yake mwenyewe.

Kwa hiyo mtoto wa Kikenya anayetaka kuchimba mchanga na kupanda ngamia ndiye aliyeibeba biashara hii yote. Mtu angetarajia atunzwe kama mboni ya jicho.

Twende basi hadi Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, ambao sisi tunauita Pirates. Siku ya sikukuu, Idd mosi au Krismasi, hapaonekani mchanga kwa wingi wa watu. Kuna wenye maboya, wanayapanga kwa ukubwa na kukodisha kwa saa. Kuna wapiga picha, na ngamia wenye shanga shingoni wanaopiga magoti kwa manung'uniko kila mtoto anapopandishwa. Mama wa viazi karai hukaa chini ya mkungu na karai lake, ndoo ya ukwaju pembeni, na hahitaji kuita mteja. Utawaona wanawake wa buibui wamekaa majini hadi kiunoni, nguo zimefura kama matanga, wanacheka na watoto wao kicheko ambacho sijawahi kukisikia kando ya bwawa la hoteli. Familia iliyotoka Kibokoni imetandika mkeka wake ubavuni mwa familia iliyotoka Kisumu, na sufuria ya pilau imefunguliwa.

Lakini ufuo huo mmoja umebebeshwa mzigo wa mji mzima. Kila kichochoro kinapozibwa Nyali au Shanzu, watu wake wanakuja hapa. Vyoo havitoshi. Mfereji wa maji matamu wa kuoshea chumvi ni bahati kuukuta ukitoka maji. Waokoaji wanajitahidi, lakini macho yao hayawezi kuwafuata watoto mia tano wanaoogelea mahali pamoja maji yakijaa. Jioni ya sikukuu utasikia vipaza sauti vikitangaza majina ya watoto waliopotea, na mama zao wakikimbia mchangani viatu mkononi. Msongamano huo hautokani na uchache wa pwani. Pwani ipo, kilomita kwa kilomita, mchanga mweupe mtupu mbele ya kuta.

Mji huu unajua kujenga mahali pa familia ukiamua. Bustani ya Mama Ngina, au Laithausi kama tulivyozoea kuita, ilifunguliwa upya Oktoba 2019 baada ya kukarabatiwa, na tangu hapo jioni zake zimejaa. Mtu analeta watoto, ananunua krispi za mihogo zenye pilipili na ndimu, anakaa chini ya mibuyu iliyomzidi babu yake umri, anatazama meli zikiingia Kilindini. Hakuna anayemuuliza amefuata nini.

Mfano unaonigusa zaidi uko Bamburi, ng'ambo ya barabara. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe pale miaka ya 1950, na baada ya miaka ishirini kiliacha shimo jeupe lenye joto la tanuri, lisilo na udongo, maji ya chumvi yakichuruzika chini. Mwaka wa 1971 Mswisi mmoja, René Haller, alipewa kazi ya kulifufua. Alijaribu aina 26 za miti, zikapona tatu tu, na mvinje ukawa ndio unaoshamiri. Tatizo likawa majani yake: yalidondoka yakarundikana kavu bila kuoza, na bila kuoza hapana udongo. Haller akaona majongoo wakiyala. Akawaleta kwa wingi, wale wakubwa wenye miguu myekundu ambao watoto huwachokoa kwa kijiti wajikunje. Majongoo wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa udongo. Juu ya udongo ule kukaota miti mingine, kukaja ndege, kukachimbwa mabwawa ya samaki, na mwaka wa 1984 watu wakaanza kuingia kutembea. Leo ni Haller Park, mtoto anamlisha twiga kwa mkono wake. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga aliyenusuriwa baharini upande wa Malindi aliletwa pale, akampata kobe mzee wa Aldabra, akamfuata kila mahali kama mama yake. Watu walitoka mbali kuja kuwaona wawili hao.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinanipa moyo. Mahali palipochimbwa hadi kukauka pamegeuzwa bustani ya watoto, na nyumba zilizo karibu napo zimepanda bei. Ilichukua miaka kumi na mitatu tangu mche wa kwanza hadi mgeni wa kwanza. Sisi tunafanya kinyume chake: tumerithi ufuo uliokamilika, bure, na tunauchimba.

Na tunauchimba kweli, si kwa maneno. Mchanga wa pwani yetu hausimami mahali pamoja. Wavuvi wanajua hivyo bila kufundishwa na mtu. Kusi ikivuma, mchanga unasukumwa upande mmoja. Kaskazi ikirudi, unarudishwa. Mwani unaorundikana ufukweni wakati wa kusi, ule ambao wageni huulalamikia harufu, unaushika mchanga usibebwe wote. Bahari ya bamvua inapanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo inahitaji nafasi ya kupandia, mteremko wa mchanga na majani ambapo wimbi linajichokea lenyewe. Ukijenga ukuta mahali pale, wimbi halichoki. Linapiga, linarudi na nguvu zake, na kila likirudi linakwenda na mchanga wa chini ya ukuta. Baada ya misimu kadhaa ufuo umeshuka, misingi imefichuka, maji yakijaa hapana hata pa kupita mtu. Mwenye ukuta anaongeza mawe, jirani yake anaanza kuliwa, naye anajenga wake. Nimetembea sehemu ambazo utotoni tulicheza kandanda maji yakiwa yamejaa. Sasa saa kama hiyo wimbi linagonga tofali.

Kuna na mambo ya chini ya ardhi. Nyali na Bamburi zimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina vitundu kama sifongo. Ploti iliyokuwa na nyumba moja na shimo moja la choo leo ina fleti arubaini, na majengo mengi ya upande huu hayajaunganishwa na mtaro wowote wa majitaka. Kinachoingia kwenye shimo kinapenya, kinafika kisimani na kinafika baharini. Mbele yetu kuna hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka wa 1986, yenye sehemu ambako mvuvi haruhusiwi kutia nyavu ili samaki wazaliane. Mvuvi amelitii hilo kwa miaka na familia yake imelala njaa siku nyingine kwa ajili hiyo. Sioni kwa nini mwenye ghorofa aruhusiwe kuimwagia hifadhi hiyo hiyo uchafu wake. Na kasa, wanaopanda usiku kutaga pale pale walipozaliwa, vifaranga vyao huufuata mwanga. Zamani mwanga ulikuwa wa bahari chini ya nyota. Sasa taa za bwawa la kuogelea zina nguvu kuliko nyota, na vifaranga hugeuka wakaelekea barabarani.

Wapo watakaosema: ploti ni ya mtu, ana hati, afanye atakalo. Basi tuisome sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Kwa hiyo mchanga tunaoukanyaga ni wetu kwa katiba. Lakini haki ya kukaa mahali usipoweza kupafikia inafanana na sahani ya wali iliyowekwa juu ya mnazi. Vichochoro vile viliwekwa katika ramani za masoroveya tangu mashamba yalipokatwa maploti, vikapigwa bikoni. Bikoni hung'olewa usiku, ramani hupotea, na baada ya miaka mitano kijana wa langoni anaambiwa ni ndani ya ploti.

Sisi wa Mwambao tuna kidonda cha zamani katika jambo hili. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908 iliwataka watu wajitokeze kudai ardhi zao kwa maandishi. Waliojua karatasi wakaandikiwa, na ambao walijua mwembe wa babu na kaburi la bibi wakaamka wamekuwa wageni. Ndiyo asili ya jambo ambalo mtu wa bara husikia akashangaa: nyumba bila ardhi. Kisauni na Majengo zimejaa watu wanaomiliki kuta na paa huku kiwanja ni cha mwingine, wanamlipa kodi ya ardhi kila mwezi, wakati mwingine hawajawahi kumwona sura. Miaka yote watu hao waliachwa kwa sababu ardhi haikuwa na bei. Ghorofa zimeipa bei. Sasa barua za mawakili zinaletwa, na mzee aliyezaa na kuzeeka pale anapewa siku tisini. Mwaka wa 2004 Tume ya Ndung'u ilieleza kwa kirefu namna ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, na ripoti yake imekaa kwenye makabati miaka zaidi ya ishirini. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia lango ni dogo tu, jambo la hatua mia mbili, hatakuelewa. Ameshaona jinsi inavyoanza.

Hoja ya usalama naiheshimu zaidi. Wageni wamewahi kunyang'anywa simu katika vichochoro hivyo, na mama wa fleti ana haki ya kutaka watoto wake wafike pwani salama. Lakini nimeishi huku maisha yangu yote, na njia ninazoziogopa ni zile ambazo hazina watu. Kichochoro chenye mama wa mahamri asubuhi, wavuvi alfajiri na watoto jioni kina macho kumi. Weka taa mbili na muuza madafu mwenye kibali, mwizi atatafuta kazi nyingine. Ukizuia watu wema, njia humbakia yule mwenye nia mbaya, kwa kuwa yeye hashindwi na ukuta.

Serikali ya Kaunti ya Mombasa haihitaji mabilioni kulitengeneza hili. Ichukue ramani za zamani, iandamane na Tume ya Taifa ya Ardhi na wazee wa kila diko, itembee kwa miguu kutoka Nyali hadi Shanzu, na kila njia iliyokuwapo iandikwe jina, ipigwe bikoni za zege, itolewe hati ya umma ambayo hakuna ofisa atakayeweza kuifuta kwa kalamu. Jengo jipya lisipewe ruhusa ya kukaliwa kabla njia iliyo ubavuni mwake haijapimwa na majitaka yake hayajaonekana yanakwenda wapi. Sehemu ya kodi inayotozwa fleti za ufukweni irudi ufukweni: choo, mfereji, mnara wa mwokoaji, mikungu michanga ya kivuli. Wenye majengo wasilione hili kama adhabu. Mgeni wa Nairobi aliyeahidiwa pwani akakuta wimbi linagonga ukuta hatakuja mara ya pili, na jirani zake atawasimulia.

Kuna kichochoro kimoja bado kiko wazi. Sitasema kiko wapi. Niliwapeleka watoto wale wale wiki iliyofuata. Nilikipima kwa mikono iliyonyooshwa: pima moja na shubiri. Miaka ya nyuma gari la punda lilipita hapo na samaki. Katikati tulikutana na wavuvi wawili wanatoka pwani, mmoja ana mashine ya boti begani, wa pili kabeba pondo na nyavu zinazochuruzika maji. Watoto wakajibana ukutani na boya lao. Pondo lilikuwa refu. Ilimbidi mzee alisimamishe wima, apite ubavu ubavu, huku kwa mkono mwingine akizuia nyavu zisiwaguse watoto.

"Starehe, wanangu, starehe," akasema. "Maji ndiyo kwanza yanajaa. Kimbieni."